Pambo la Uani na Mpaka wa Nchi

Ndugu wasikilizaji wa Jeshi la Wananchi, wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa, katika mazungumzo haya ya nchi jirani tumezoea kueleza habari za mikutano ya viongozi, za wakimbizi, za bandari na za bei ya mazao. Leo tutaeleza habari za majani. Pengine msikilizaji atacheka. Na acheke, lakini ajiulize kwanza kikosi chake au kituo chake hutumia saa ngapi kwa wiki kufyeka, na ajiulize pia hutokea nini kambini pale mvua inapokatika na vumbi kuanza kuingia jikoni, ghalani na ndani ya mtutu wa bunduki.

Desturi ya kuzungushia majengo ya serikali nyasi fupi zilizokatwa sawasawa tuliachiwa na wakoloni. Kwao Uingereza mvua hunyesha kila mwezi wa mwaka, jua si kali, na nyasi husitawi pasipo mtu kuzimwagilia. Dodoma ni mahali pengine. Tangu Mei hadi Novemba hapana mvua ya kutajika, na nyasi za namna ile hukauka zikaacha udongo mtupu, isipokuwa pale zinaponyweshwa maji ambayo kota zinayahitaji kwa kupikia na kuoga. Kwa sababu hiyo wakuu wa vikosi, wakuu wa vituo, na hasa akina mama wa kota, wameanza kutafuta mimea mingine ya kufunika ardhi: mimea mifupi, yenye kutambaa, isiyodai kwanja kila Jumamosi. Fikra hiyo ni njema. Lililobaki ni kuamua mmea gani upandwe, na hapo ndipo majirani zetu wanapotufaa, kwa kuwa wao wamekwisha kulipa gharama ya kukosea.

Tuanze na maneno ya muuza miche wa kando ya barabara. Akiusifu mmea wake atasema kwamba unashika upesi. Kwamba hata ukikitupa kipande chini kitaota. Kwamba jua haliuui, mbuzi hawaugusi, wala hakuna gugu liwezalo kuota chini yake. Sifa zote hizo ndizo tunazozitafuta. La ajabu ni kwamba bwana shamba akiulizwa aeleze gugu vamizi lina dalili gani, atataja hizohizo moja baada ya nyingine. Mmea unaosifiwa uani na gugu linalolaaniwa shambani aghalabu ni mmea mmoja, nao hupata jina la pili siku unapofika mwisho wa ua na kukuta hakuna kitu cha kuuzuia.

Jirani wa kwanza wa kutufundisha ni mto Kagera. Mto huo hukusanya maji ya milima ya Burundi na Rwanda, ukapita kati ya Rwanda na Tanzania, kisha kati ya Tanzania na Uganda, hatimaye ukamwaga katika ziwa Victoria. Gugu maji asili yake ni bonde la Amazoni huko Amerika ya Kusini. Lilitembezwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, watu wakiliweka katika vidimbwi vya bustani. Mnamo mwaka 1988 lilionekana katika ziwa Kyoga nchini Uganda, na haikupita muda likawa katika ziwa Victoria, Kagera ikiendelea kulileta zaidi kutoka juu. Hapakuwa na askari wa mpakani aliyeweza kulisimamisha na kulidai hati ya kusafiria. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta. Bandari ya Kisumu upande wa Kenya na ile ya Port Bell upande wa Uganda ziliziba, mitumbwi ya wavuvi ilishindwa kutoka, na mitambo ya umeme ya Jinja ikawa inahangaika na majani.

Nchi zetu tatu zilipambana nalo kwa mikono, kwa mashine na kwa fukusi maalumu wanaolila, ambao walianza kuachiwa mwaka 1995. Wadudu hao, pamoja na mvua kubwa na dhoruba za miaka 1997 na 1998, walilipunguza sana. Halikwisha. Mbegu zake hukaa katika tope miaka mingi zikingoja, na hadi leo ghuba ya Kisumu huona kijani kile kikirudi mara kwa mara. Hasara yote hiyo ilianzia kwenye vidimbwi vya watu waliopenda ua.

Kisa cha pili kinagusa vituo vya serikali moja kwa moja. Upande wa kaskazini wa Laikipia nchini Kenya kuna mahali paitwapo Dol Dol. Inaelezwa kwamba enzi ya ukoloni maofisa wa huko walileta mpungate wa Amerika wapate ua la miiba na pambo kwa pamoja. Tuwatendee haki: kwa ulinzi hapakuwa na kosa, maana mtu hapenyi mpungate kwa hiari yake. Kwa miaka mingi ulikaa pale pale. Baadaye malisho yalipochoka na ardhi kuwa wazi, mpungate ukatoka. Tembo na nyani hula tunda lake tamu na kuzitawanya mbegu mbali. Na kipande chochote kinachoanguka, huota. Mbuzi na ng'ombe nao hulila lile tunda wakati wa kiangazi kwa kukosa lingine, na vimiba vyake vidogo mithili ya unywele huwaingia katika ufizi, katika ulimi na machoni. Mfugaji wa Kimaasai ambaye hakuuliza ua wala pambo sasa ana mbuzi vipofu. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliachilia kidudu kinachofyonza mpungate huo, nacho kinafanya kazi, ila taratibu.

Hukohuko Kenya, karibu na ziwa Baringo, mti uitwao mathenge ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia safi ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Sukari ya maganda yake huozesha meno ya mifugo. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi awe kielelezo. Mathenge ni mti na mazungumzo yetu ni ya mimea mifupi, kwa hiyo tumwache mbuzi huyo hapo. Tumemtaja kwa sababu askari polisi anajua uzito wa kielelezo.

Sasa twende Uganda, nchi ambayo wengi wa wazee wenu vikosini waliivuka kwa miguu. Lantana, ambayo baadhi ya watu huiita mvuti, ni kichaka cha maua madogo ya rangi mbili tatu, nacho kililetwa kutoka Amerika kiwe pambo la bustani na ua wa nyumba. Ndege hula vijitunda vyake vyeusi na kupanda mbegu kila wanapotua. Ng'ombe akiyala majani yake kwa wingi hudhurika ini, na ngozi yake nyeupe huchomwa na jua hata ikachubuka.

Katika Busoga, mkoa ambao mji wake mkubwa ni Jinja, kulikuwa na mashamba ya kahawa na pamba. Utawala wa Idi Amin ulipouangusha uchumi wa nchi katika miaka ya 1970, mashamba mengi yaliachwa, na lantana ikaingia. Vichaka vilisogea hadi nyuma ya nyumba. Mbung'o anataka kivuli na unyevu. Alivikuta pale, hatua chache kutoka jikoni na kisimani. Tangu mwaka 1976 ugonjwa wa malale ulilipuka Busoga, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya watu waliugua. Hatudai kwamba lantana peke yake ndiyo iliyoleta malale, kwani kazi ya kupambana na mbung'o nayo ilikuwa imekufa pamoja na mengineyo. Lakini pambo la bustani lilimpa adui maficho. Askari wetu waliofika Jinja mwezi Aprili 1979 walipita katikati ya nchi iliyokuwa katika hali hiyo, na pengine wapo watakaokumbuka vichaka vyenyewe.

Zambia nayo ina vita vyake na lantana hiyohiyo, tena pembezoni mwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambako watu huajiriwa kuing'oa kila mwaka ili msitu unaopata manyunyu ya maporomoko usimezwe.

Pengine mtasema kwamba hayo ni mambo ya wakulima na wafugaji. Basi sikilizeni ya majeshi. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mmea mmoja wa kutambaa kutoka Amerika ulipandwa huko Assam, kaskazini-mashariki ya India, ili kuvifunika viwanja vya ndege visionekane na marubani wa adui. Ulifanya kazi hiyo kwa ustadi. Vita vikaisha mwaka 1945, viwanja vikafungwa, mmea ukabaki, na hadi leo unapanda juu ya migomba na michai ukiinyima jua. Tena yupo gugu karoti, mwenye ua jeupe na jani kama la karoti. Inaaminika kwamba aliingia Sri Lanka pamoja na mbuzi na shehena za jeshi la India lililokwenda kulinda amani huko mwaka 1987. Ethiopia alikwenda ndani ya nafaka za msaada. Hapa kwetu alitambuliwa Arusha mwaka 2010, baada ya kuwa Kenya kwa miongo kadhaa na Uganda tangu mwaka 2008. Mmea mmoja tu huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Akimgusa mtu mwenye mwili mwepesi humwashia ngozi na kumbana kifua. Hakuna aliyempanda gugu karoti uani. Tumemweka humu kwa sababu anasafiri katika tope la tairi, katika soli ya buti na katika sakafu ya lori, yaani katika vitu ambavyo ninyi mnavyo kuliko mtu mwingine yeyote nchini.

Tukirudi kwenye mimea ya kutanda, upo mmoja ambao yafaa utajwe bila kuzungukazunguka, maana bila shaka umo katika baadhi ya kambi na vituo. Jani lake ni nene, la kijani kinachong'aa, lenye pembe tatu hafifu. Ua lake ni la njano, mfano wa alizeti ndogo ya ukubwa wa kifungo cha koti. Watunza bustani huuita wedelia. Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN, liliwahi kutoa orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya mno duniani. Wedelia imo. Wenzake orodhani ni gugu maji, lantana, mpungate wa Laikipia, na ule mtambaazi wa viwanja vya ndege wa Assam. Wote hao watano walihamishwa na binadamu makusudi, na karibu wote kwa kupendezwa na sura yao.

Mimi mwenyewe ninayesoma mazungumzo haya nina kesi ya kujibu. Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima mwenye moyo wa ukarimu, alinipitishia juu ya ukuta kishada cha mmea huo. "Chukua, baba, huu hauna taabu," aliniambia. Kweli haukuwa na taabu. Katika msimu mmoja ulifunika udongo wote mwekundu mbele ya mlango, nami nikajisifu kwa wageni. Msimu wa pili ulikuwa mtaroni. Wa tatu ulikuwa umefuata mtaro hadi kwenye tuta la mchicha la mzee mmoja wa mtaa wa chini, ambaye hakuwa na ukuta wa kupitishiwa kitu chochote. Alikuja kwangu na kipande mkononi, akakiweka mezani, akakaa kimya. Nilitumia Jumamosi nne nikichimba. Sikusoma mambo ya mimea. Nilichosoma ni sekondari na kazi ya utangazaji. Lakini tangu siku ile nikiona mmea mgeni huuliza maswali matatu kabla ya kuushika.

Kwanza, kwao ni wapi? Mmea ulioko katika nchi yake una maadui zake: wapo wadudu wanaoula, ukungu unaouozesha, swala na mbuzi wanaoupunguza. Ukihamishwa, maadui wale hubaki nyuma, nao ukapata nguvu ambayo haukuwa nayo nyumbani. Mfano ulio wazi ni wa jirani zetu wa Kenya. Zile nyasi laini za nyanda za juu ziitwazo majani ya Kikuyu, ambazo ng'ombe wa Limuru huzila kwa furaha tangu zamani, zilichukuliwa kupandwa viwanjani Australia, Afrika ya Kusini na California. Huko huota juu ya kila kitu, na sheria ya Marekani inazihesabu miongoni mwa magugu yaliyopigwa marufuku. Nyasi ni zilezile. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Amerika ndiyo yenye mimea mibaya na sisi tuna mizuri. Sisi nasi tumepeleka adui kwa wengine.

Pili, huzaaje? Mmea unaoota kutokana na kila kipande ni wa hatari palipo na mtaro au mto, kwa kuwa maji huubeba. Mmea wenye tunda tamu ni wa hatari palipo na ndege. Mmea wenye mbegu za kunata au za kupeperuka ni wa hatari palipo na barabara na magari. Mmea usiozaa mbegu zenye uhai, na usiokwenda mbali kwa mizizi, huweza kuaminiwa hata kama ni mgeni.

Tatu, mtaro wa hapa unakwenda wapi? Swali hili hatulizoei. Kituo kilicho Kyaka au Ngara kikiutupa mmea mtaroni, kimeutupa Kagera, na kuupeleka ziwani kwa Mganda na Mkenya bila salamu.

Sasa tuseme nini kipandwe, na hapa yatupasa tukubali kwanza kwamba uwanja wa gwaride ni uwanja wa nyasi na utabaki hivyo. Hakuna mmea mwingine unaovumilia buti. Ukoka, nyasi yetu ya kawaida ambayo mkulima huilaani akiikuta katikati ya mahindi, ndio bora mahali penye jua. Hutambaa juu na chini ya udongo, hulala kiangazi na kuamka kwa mvua ya kwanza. Una ukorofi wake, tunaujua, ila umekuwapo hapa kabla yetu, na ng'ombe, mchwa na kivuli cha miti huujua namna ya kuupunguza. Kwa nyanda za juu zenye baridi, majani ya Kikuyu hayana kosa, kwani huko ni kwao.

Pwani kuna nyasi pana, nene, ambazo wapanda bustani wa Mombasa huziita majani ya Pemba. Ni za pwani yetu hii hasa. Huvumilia chumvi na kivuli kiasi, na kwa hiyo hufaa chini ya minazi, mahali ambapo ukoka hunyong'onyea. Kwenye mchanga mtupu unaopeperuka karibu na bahari, upo mtambaazi wa ufukweni mwenye ua la zambarau na jani lililopasuka katikati kama ukwato wa mbuzi. Huo umekuwa ukishikilia mchanga wetu tangu zamani bila kulipwa. Kambi iliyo ufukweni isiung'oe ili kupata usafi.

Chini ya miti mikubwa ya kivuli, ambako watu hawakanyagi, tunao mmea wa Afrika wenye majani marefu membamba na vitoto vinavyoning'inia, ambao Ulaya huuweka katika vyungu madirishani. Hapa huwekwa ardhini na kujaza kivuli polepole, na upole huo ndio sifa yake. Upo pia ule mmea wa vijiua vyeupe au vya zambarau hafifu, ambao Wagiriama wa Kenya huuita futswe na kuula kama mboga. Kwetu Afrika ya Mashariki ni mwenyeji na mboga. Malaysia umekuwa gugu sugu la mashamba ya michikichi. Basi ndugu askari wanaokwenda kozi ng'ambo wasiubebe.

Kwa kota za familia tungependekeza jambo ambalo baadhi ya maofisa huliona si la heshima, nalo ni chakula. Matembele hufunika ardhi sawasawa kabisa na hiyo wedelia, huzuia vumbi, huzuia mmomonyoko, na jioni huingia chunguni. Kunde na karanga hufanya vivyo hivyo kwa msimu. Hatujasikia kiazi kitamu kimeivamia nchi. Kama kuna anayehofia kwamba mkaguzi atakunja uso akiona matembele mbele ya kota, basi yapangwe kwa mistari iliyonyooka na kuzungushiwa mawe, naye ataridhika.

Penye mteremko na kingo za mitaro hupandwa vetiva, nyasi ndefu ya India yenye mizizi inayoshuka mita kadhaa. Hiyo ni mgeni, lakini aina inayoenezwa na wataalamu haitoi mbegu zinazoota wala haitambai. Inakaa pale ilipopandwa. Muhimu ni kuwa na hakika kwamba umepewa aina hiyo.

Kuhusu maghala ya silaha na risasi hatusemi kitu. Huko kanuni za jeshi ndizo zenye kauli, na kanuni hizo zikitaka udongo mtupu basi ni udongo mtupu. Karibu na milango, lindoni na kando ya njia za miguu, mmea wowote usipite kifundo cha mguu, kwa sababu ya nyoka.

Rwanda imetuonyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa ukubwa. Mjini Kigali, bonde la Nyandungu lililokuwa limeharibika lilisafishwa, likapandwa mimea ya asili, na mwaka 2022 likafunguliwa kuwa bustani ya wananchi. Mwenye nafasi ya kupita Kigali alitazame.

Wale ambao tayari wana wedelia wasikate tamaa, na wasifyeke. Kufyeka ni kuipanda upya, maana kila kifundo cha shina kina mizizi. Udongo ulainishwe kwa maji au usubiriwe baada ya mvua, mmea ung'olewe na mashina yake yote, uanikwe juu ya saruji au bati mpaka uwe mkavu wa kuvunjika, ndipo uchomwe. Usitupwe mtaroni, wala katika jalala lililo wazi. Mahali palipong'olewa pakaguliwe kila wiki mbili kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na pasiachwe patupu. Pakibaki patupu, kitakachoingia kwanza ni kilekile. Gugu karoti likionekana ling'olewe kabla ya kutoa maua, kwa glavu na mikono mirefu ya shati, na mwenye pumu asipewe kazi hiyo hata kama yumo katika adhabu.

Polisi na maofisa walioko Namanga, Mutukula, Rusumo na Kabanga wanajua kwamba mche unaovuka mpaka unapaswa kupitia kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mara nyingi mwenye mche huwa ni mama anayempelekea bintiye ua la zawadi, na hana nia mbaya hata kidogo. Aelezwe kwa adabu na apelekwe kwa mkaguzi. Na magari ya kikosi yanaporudi kutoka safari ya nje, tope la chini ya bodi na la matairi lioshwe mahali pamoja palipotengwa, ili kinachoota pale kionekane na kung'olewa kingali kichanga.

Mwenye kutaka kupanda ukoka asinunue kitu. Achimbe shina kutoka ukingo wa barabara, akate vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, avilaze katika vijifereji vilivyoachana shubiri moja, avifunike na kubakiza ncha nje, kisha akanyage. Kazi hiyo ifanyike mvua za kwanza zikishalowesha udongo vizuri. Baada ya hapo watu wasipite juu yake mpaka uwe umeunganika.